Mwachie Mzee Keni Yake: Mwongozo Kamili wa Bustani ya Mjini kwa Afya ya Akili ya Wazee

Baba alipofariki, mama alihamia kwangu, ghorofa ya tatu. Mwanamke aliyezoea kuamka kabla ya jogoo sasa alikuwa anashinda kitini mpaka taa za jioni zinawashwa, televisheni ikijisemesha peke yake. Nikanunua ndoo sita, udongo na mbegu, nikazipanga kibarazani. Wiki ya kwanza uso wake ulichangamka. Kisha mimi, kwa kudhani nasaidia, nikaanza kumwagilia kila alfajiri kabla ya kwenda kazini ili asijichoshe. Mimea ikastawi. Mama akarudi kitini.

Kosa langu nililijua niliposafiri siku nne bila kumwachia mtu maagizo. Niliporudi nilikuta udongo umelowa vizuri, majani makavu yamechumwa, na mama ananitazama kwa jicho la pembeni. "Hizi ndoo uliniletea mimi," akauliza, "au ulijiletea mwenyewe?"

Ukitaka kumwanzishia mzee wako bustani, anza na swali hilo. Mengine yote yaliyo hapa chini, kuanzia kimo cha vyombo hadi mchanganyiko wa udongo, yapo ili mzee aweze kufanya kazi yake mwenyewe bila kuumia na bila wewe kumpokonya.

Bustani inafanya nini hasa kichwani mwa mtu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea wanaishi na tatizo la afya ya akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi uliopitiliza. Mjini mambo yanazidi kwa sababu mzee hana uwanja wa kutokea, majirani wanabadilika, na kila kazi ya nyumbani ina mtu mwingine wa kuifanya.

Mwaka 1976 watafiti Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha jaribio walilolifanya katika nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao ni jukumu lao. Wapange vyumba wanavyotaka, na kila anayetaka achague mmea autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, lakini waliambiwa wauguzi ndio wataimwagilia. Baada ya wiki tatu, wale wa kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na walisema wana furaha zaidi. Ni kweli kwamba mmea ulikuwa sehemu tu ya uhuru waliopewa, lakini makundi yote mawili yalikuwa na mimea. Tofauti ilikuwa nani anashika keni ya kumwagilia.

Utafiti mwingine, wa Uholanzi, ulichapishwa mwaka 2011. Wakulima 30 wa bustani za mjini walipewa kwanza kazi ya kuwasumbua akili, kisha nusu wakaenda bustanini kwa dakika 30 na nusu wakakaa ndani kusoma. Kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilishuka kwa wote, ila ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini, na ni hao ambao furaha yao ilirudi mahali pake.

Utasikia pia habari za "bakteria wa furaha" wanaoishi kwenye udongo. Majaribio yanayotajwa sana yalifanywa kwa panya. Usimwambie mzee anuse udongo kama dawa.

Hatua ya 1: Ongea naye kabla ya kununua chochote

Keti naye, uliza alilima nini ujanani, alipenda nini, alichukia nini. Swali la mwisho ndilo wengi wanaliruka. Mtu aliyeshika jembe miaka arobaini kwa sababu njaa ilimlazimisha huenda hataki tena kuona mboga. Anataka maua, kitu kisicho na faida yoyote. Mwingine kinyume chake: ua analiona upuuzi, atatunza tu kinacholiwa. Na wapo wasiotaka bustani kabisa. Hao waache. Kuna kushona, kuna redio, kuna kucheza bao, na kumlazimisha mtu apumzike kwa namna yako ni mzigo mwingine tu.

Wakati huohuo mchunguze kwa utulivu. Huzuni ya kufiwa inakuja na kuondoka, na katikati yake mtu bado anaweza kucheka akikumbuka jambo. Sonona inakaa. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mzee ana huzuni karibu siku nzima au hana hamu ya chochote alichokipenda, hasa akiwa pia hapati usingizi, hali chakula vizuri, au anajiona hana thamani, mpeleke kwa daktari. Wazee wengi hawasemi "nina huzuni". Wanasema mgongo unauma, tumbo limejaa, mwili hauna nguvu. Bustani inakwenda sambamba na matibabu, haichukui nafasi yake.

Hatua ya 2: Pitia dawa na mwili wake

Hapa usiwe na haraka. Dawa za presha zinaweza kumfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka ghafla baada ya kuinama, na kuanguka ndiyo ajali inayoweza kumaliza mradi mzima kwa siku moja. Mfundishe kanuni hii: akimaliza kazi ya chini, akae wima kwanza dakika moja, ndipo asimame akiwa ameshika kitu kisichoyumba.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, avae glavu kila mara, maana mchubuko mdogo unaweza kuvuja damu muda mrefu. Mwenye kisukari asiingie bustanini peku wala na ndala. Avae viatu vilivyofunika vidole, na miguu ikaguliwe jioni. Baadhi ya dawa, zikiwemo hydrochlorothiazide na doxycycline, huifanya ngozi iungue na jua upesi, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu si urembo. Kiu nayo hupungua umri unapopanda, hivyo asisubiri kuisikia: anywe maji kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, isipokuwa kama daktari amempimia kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo, nyongeza hutolewa kwa kawaida kila baada ya miaka 10, na wazee wengi walichanjwa mara ya mwisho zamani mno.

Hatua ya 3: Chagua mahali kwa kutumia miguu yake, si macho yako

Bustani nzuri iliyo juu ya paa, ngazi 20 kutoka kitandani, haitamwona. Mahali bora ni pale anapopita kila siku bila kupanga: mlango wa nyuma, kibaraza cha jikoni, dirisha la chumba chake. Hesabu hatua kutoka kitini kwake. Zikizidi 30, weka kiti katikati ya njia.

Kisha angalia jua kwa siku moja nzima, asubuhi, mchana na jioni. Mboga za majani zinaridhika na saa tatu hadi nne za jua. Mimea ya matunda kama nyanya na pilipili inataka saa sita au zaidi. Kwa mzee mwenyewe, jua la asubuhi lina faida yake ya pekee. Mwanga wa mapema huiweka sawa saa ya mwili, na anayeupata kila siku hupata usingizi usiku kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ukipewa uchaguzi kati ya upande wa mawio na wa machweo, chukua wa mawio.

Kama ni ghorofani, fikiria uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inaweza kuzidi kilo 25. Ziweke karibu na ukuta wa jengo, si pembeni kwenye ukingo, na muulize mwenye nyumba au fundi kabla hujafikisha ndoo kumi. Usitundike chungu chochote nje ya reli. Kinachoanguka kutoka ghorofa ya tatu hakichagui kichwa.

Sakafu iwe kavu na isiyoteleza. Mpira wa maji usikatize njia. Na maji yawe karibu, kwa sababu hakuna kinachomkatisha mzee tamaa upesi kama kubeba maji.

Hatua ya 4: Vyombo na vifaa vinavyolingana na viungo vyake

Tuta la kuinuliwa kwa anayefanya kazi akiwa amesimama liwe na kimo cha sentimita 80 hadi 90, yaani karibu na kiuno. Kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu tengeneza mfano wa meza, uwazi wa magoti usipungue sentimita 68 kutoka sakafuni. Upana usizidi sentimita 60 kama anafikia upande mmoja tu, au 120 kama anaweza kuzunguka pande zote. Njia ya kiti cha magurudumu iwe sentimita 90 kwa uchache.

Huna mbao? Ndoo juu ya benchi imara inatosha. Muhimu ni matundu ya kutolea maji chini, matano au sita yenye ukubwa wa kidole. Usitumie ndoo iliyowahi kubeba kemikali au rangi, hata ukiisugua mpaka ing'ae.

Kuhusu vifaa, vichache na vyepesi. Koleo dogo la mkono, mkasi, kiti kifupi chenye mikono ya kushikia, na keni ya lita mbili. Watu hununua keni ya lita kumi wakidhani wanaokoa safari, lakini safari tano za lita mbilimbili ndizo mazoezi yenyewe. Vidole vyenye baridi yabisi havishiki mpini mwembamba, kwa hiyo uzungushie kitambaa au povu mpaka unene kama mpini wa panga. Mwenye macho hafifu, mfungie utepe wa rangi kali kwenye kila kifaa.

Hatua ya 5: Udongo

Changanya sehemu moja ya udongo wa juu, moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na moja ya mchanga au nyuzi za nazi. Samadi mbichi inaunguza mizizi na ina vijidudu; subiri mpaka ipoteze harufu na iwe nyeusi ya kufikichika. Mjini epuka udongo uliochotwa kando ya barabara kubwa, gereji au ukuta wa zamani uliobanduka rangi, kwa sababu unaweza kuwa na madini ya risasi.

Mfuko wa udongo wa kununua ufunguliwe nje, mbali na uso, na udongo ulowanishwe kidogo kabla ya kukorogwa. Vumbi lake linaweza kubeba bakteria wa legionella, wanaoleta nimonia, na mapafu ya mzee hayana ubavu wa kupambana nayo. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, glavu au si glavu.

Hatua ya 6: Mimea mitatu ya kuanzia

Mitatu tu. Najua hamu ya kujaza kibaraza, nimeipitia. Bustani kubwa kwa mtu mwenye sonona inageuka kuwa orodha ya mambo aliyoshindwa.

Mmoja uwe wa haraka. Figili huchipua ndani ya siku tatu hadi tano na huvunwa karibu siku ya 25 hadi 30. Mchicha nao hauchelewi, majani yanaanza kuchumwa kati ya wiki ya tatu na ya nne. Mtu ambaye hana hamu ya kesho anahitaji kuona jambo likitokea wiki hii.

Wa pili uwe wa kunukia: mnanaa, mrehani au rosmari. Mnanaa uwe na chombo chake peke yake, la sivyo utawameza wenzake. Kila anapopita aguse jani, anuse vidole. Harufu inafukua kumbukumbu kwa namna ambayo maswali yako hayawezi. Mama yangu alinisimulia ndugu yake aliyekufa mdogo, habari ambayo sikuwahi kuisikia maisha yangu yote, akiwa ameshika kijiti cha mrehani.

Wa tatu uwe wa polepole, wa kumpa mzee sababu ya kuhesabu miezi. Nyanya kwenye ndoo ya lita 20 huzaa baada ya siku 60 hadi 80 tangu kupandikizwa mche. Au ua analolipenda yeye. Mruhusu achague, hata akichagua vibaya. Akitaka kupanda mahindi kwenye ndoo, panda naye.

Hatua ya 7: Kazi ya kila siku

Panga muda mfupi unaojirudia: dakika 15 hadi 30, asubuhi, baada ya chai. Agizo la "mwagilia kila siku" halifai, maana maji mengi yanaua mimea ya kwenye ndoo kuliko ukame. Mwonyeshe achomeke kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka kikavu anamwagilia, kikitoka na udongo wa unyevu anaacha. Ni jambo dogo, lakini hapo yeye ndiye anaamua. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili maji yasikauke upesi.

Kazi za kukaa zipo tele: kuchambua mbegu, kutoa majani ya njano, kufunga kamba za nyanya, kukamata vidukari kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Siku ambayo mwili umekataa, afanye moja tu.

Na wewe? Kazi yako ni kubeba mizito na kunyamaza. Ukiona amepanda mbegu karibukaribu mno, meza mate. Akikuuliza, jibu. Usiende nyuma yake usiku kurekebisha. Wazee wanajua.

Hatua ya 8: Walete watu

Upweke hauondolewi na mmea peke yake. Mmea unatoa kisingizio cha watu kuonana, basi kitumie. Mpe mzee mifuko midogo ili agawe anachovuna. Anayepokea kila siku, kutoka dawa hadi chakula hadi nauli, anapopata cha kumpa jirani anasimama tofauti. Watoto wa jengo wakija kuuliza, muite yeye awajibu. Kama kuna bustani ya pamoja mtaani, mpeleke mara mbili akiwa na mtu anayemfahamu kabla ya kumwacha aende mwenyewe, na chagua saa zenye watu wachache.

Ikiwa mzee ana dimensia

Mikono hukumbuka muda mrefu baada ya majina kupotea. Mtu asiyekukumbuka anaweza bado kupalilia kwa ustadi. Mpe kazi moja kwa wakati mmoja, na badala ya kumweleza, anza wewe aone, atafuata. Akichimbua mche alioupanda jana, upandeni tena bila kumkumbusha.

Usalama unabadilika, kwani anaweza kula chochote. Ondoa mnyonyo, mnanaha (datura, si mnanaa wa kunukia) na mmea wowote wenye sumu, pamoja na mbolea za chumvichumvi na dawa za wadudu. Vifaa vyenye makali vitoke pale mnapokuwa pamoja tu. Kama kuna uwanja, njia iwe ya mduara inayomrudisha mlangoni, isiwe na mwisho unaomchanganya. Jioni wengi huhangaika, hivyo kazi za bustani zimalizike mapema.

Asiyeweza kutoka kitandani naye ana haki yake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na walihitaji dozi chache zaidi za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Geuza kitanda. Weka chungu usawa wa macho yake, na chupa ndogo ya kupulizia maji mkononi mwake.

Mimea ikifa

Itakufa mingine. Kwa mtu aliyezika wengi, mche ulionyauka unaweza kuuma kuliko unavyodhani, kwa hiyo usiutupe kimyakimya ukaweka mwingine wa kufanana. Nilifanya hivyo na mnanaa, mama akagundua kwa harufu kabla hata hajaufikia. Mwambie kwamba mmea umekufa. Chunguzeni pamoja mizizi: ikiwa laini na nyeusi, maji yalizidi, ikiwa mikavu na imejizungusha kwenye chombo, chombo kilikuwa kidogo. Kisha mmea huo uende kwenye mboji. Kuwa na miche miwili ya akiba, anayoijua.

Mzee akilazwa, mwahidi kumwagilia na umpelekee habari au picha kila siku. Siku akirudi, keni irudi kwake siku hiyohiyo, hata kama anaweza kubeba kikombe kimoja tu.

Utajuaje inasaidia

Mpe daftari. Aandike tarehe, alichofanya, na neno moja kuhusu siku yake, asiyeandika akutamkie. Wewe angalia mambo manne kwa wiki nane: usingizi, hamu ya kula, anaongea na wangapi, na kama anataja kesho. Usitegemee mstari unaopanda moja kwa moja, kuna wiki zitarudi nyuma.

Ikiwa baada ya hizo wiki hakuna kilichobadilika, au hali imeshuka, rudi hospitali na daftari. Na wakati wowote mzee akisema hana haja ya kuishi, akianza kugawa vitu vyake vya thamani au kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, usimwache peke yake. Muulize wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Ondoa dawa za wadudu na vidonge vilivyo karibu, na mtafutie msaada siku hiyohiyo.

Daftari la mama lina mwaka na nusu sasa. Ukurasa wa jana una mistari mitatu. Figili kumi na moja, nne za jirani wa chini. Ndege amekula mche, nimemwona. Mwambie mwanangu asiguse ndoo ya mwisho, kuna kitu nimepanda.